Kumuulizia Bwana Msabah

Kiponda, Unguja
23 Januari 2000

Kwako shangazi yangu Asila,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba jirani yetu niliyempa aje nayo Maskati hataisahau chini ya visheti kama ile ya mwaka jana, iliyokufikia ikinuka hiliki kuliko habari.

Sisi hapa hatujambo. Goti la bibi linamsumbua akipanda ngazi, lakini akisikia harusi halimsumbui. Idd ilikuwa nzuri. Nguo uliyoniletea ilinitosha mabegani ikanizidi kwengine kote. Fundi akaipunguza, na sasa inanitosha kwengine kote na kunibana mabegani. Nimeivaa hivyo hivyo siku zote za sikukuu, mikono nimeiweka mbele kama askari anayengoja amri. Watu wakasema nimekuwa na adabu sana.

Sasa nije kwenye haja yangu. Mwaka huu ni wa uchaguzi, na kwenye chama wameshajitokeza watu wengi wanaotaka wateuliwe kugombea urais wa Zanzibar. Mwalimu Ridhwan, anayetusomesha Uraia kidato cha nne, anasema raia asiyejua kumpima mtu mapema hana haki ya kulalamika baadaye. Kwa hiyo kila mmoja wetu amepewa mtu wake wa kumpima: elimu, uzoefu, uadilifu na subira, maksi tano kila kimoja, na kila maksi iwe na ushahidi. Tuliokota majina kutoka kwenye kofia yake. Sichana, ninayekaa naye dawati moja, ameokota waziri. Mimi nimemuokota Bwana Msabah Muhiddin. Nilipolisoma jina kwa sauti, Mwalimu akasema kwa upole, "Naye pia amechukua fomu."

Nimemwambia bibi. Aliposikia jina aliacha kuchambua mchele. "Yule ana hasira," akasema, kisha akarudi kwenye mchele wake. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mjini kila mtu anajua." Lakini alinifundisha namna ya kufanya kazi yangu. Anasema mtu hajulikani kwa maneno yake mwenyewe. Anaulizwa kwa jirani, kwa fundi anayemshonea na kwa aliyewahi kusafiri naye, na muulizaji aende na kitu mkononi, asiende kama askari wa forodha. Nimeyaandika yote. Nilijiona nimepata siri ambayo Sichana na waziri wake hawaijui.

Naambiwa kuwa zamani, ulipokuwa ukipiga taipu kwenye ofisi za Vuga, Bwana Msabah alikuwa afisa jengo hilo hilo. Tafadhali niambie: je, anafaa? Nahitaji sana maksi za Uraia. Baba ameniambia suala la kuendelea kidato cha tano ataliamua akishaona mwaka huu nimefanya nini. Sijui kwa nini nakueleza hili wewe, wakati mnakaa naye nyumba moja huko Maskati na unamsikia kila siku.

Bibi anakusalimu, na goti lake pia.

Mwanao,
Nada

*

Maskati
20 Februari 2000

Mwanangu Nada,

Marahaba. Barua imefika, na visheti vimefika, na safari hii kila kimoja kilikuwa na harufu yake. Sisi ni wazima. Baba yako amenunua feni mpya na hataki mtu mwengine aiguse. Skulini kwangu tuna wasichana wengi mwaka huu hata nimeongezewa darasa la hesabu. Mwambie mama goti alikande kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, wala asiseme ameshakanda ikiwa hajakanda.

Nimefurahi kusikia masomo yako. Andika kwa mwandiko mkubwa zaidi, macho yangu si kama zamani. Paka wa Bi Thuwaiba, yule mweupe mwenye sikio moja, bado yuko au amekufa? Na pale kona ya Mkunazini bado wanauza mkate wa ufuta?

Kuhusu huyo bwana, mambo ya Unguja ya zamani nimeyasahau.

Nguo ya sikukuu ijayo nitaipima mabegani kwanza.

Shangazi yako,
Asila

*

Kiponda
5 Machi 2000

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na salamu za bibi, ambaye amekanda goti mbele yangu nami ni shahidi. Paka mweupe alikufa mimi sijazaliwa. Mkate wa ufuta bado wanauza. Nakushukuru kwa kumkumbuka paka wa miaka hiyo, na naheshimu kuwa umemsahau mtu mliyefanya naye kazi jengo moja. Bila shaka paka alikuwa na sikio moja, na hilo humsaidia mtu kukumbuka.

Shangazi, nimeharibu.

Nilifuata mafunzo ya bibi neno kwa neno. Kwanza nilikwenda Amani, anakokaa Bwana Msabah siku hizi, nikabisha hodi kwa jirani yake nikiwa na sahani ya kaimati. Nikauliza kwa adabu: huyu bwana nyumba yake ikoje, anakula na nani, anasalije, na akiudhiwa huwaje. Kisha nikaenda kwa fundi wake wa kanzu Darajani nikauliza hayo hayo. Nilikuwa nimevaa nguo ya Idd, kwa kuwa ndiyo nguo yangu ya heshima, na mikono ilikuwa mbele.

Nilichokisahau ni kwamba katika mji huu hakuna nyumba inayoulizia tabia za mwanamume namna ile isipokuwa ameleta posa. Haikufika Ijumaa. Muuza urojo aliniongezea kachori na kuniambia, "Hongera mwanangu. Mtu mzima, lakini ana nyumba yake." Sichana akaniuliza kama nitaacha skuli kabla au baada ya mtihani. Mimi nilikuwa najiona mchunguzi wa mambo ya siasa, kumbe nilikuwa nikijitembeza mitaani kama mke wa pili.

Jumamosi kabla ya adhuhuri hodi ikabishwa, akaingia mama mmoja mnene, mtulivu, na sahani ya mkate wa kumimina iliyofunikwa kitambaa. Bibi alikuwa kwa jirani. Mama akakaa, akanitazama.

"Wewe ndiye Nada binti Khelef?"

"Naam, bi mkubwa."

"Simama nikuone."

Nikasimama.

"Geuka."

Nikageuka. Nilidhani anatazama ushonaji.

"Unapika?"

"Napika, lakini bibi ndiye humalizia."

"Mie naitwa Bi Time. Mume wangu ni Msabah Muhiddin." Akaniacha nilimeze hilo. "Haya, mwanangu, bila ya kuoneana haya. Unamtakia nini mume wangu?"

"Urais," nikasema.

Akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani, na mimi nikamweleza habari ya Mwalimu Ridhwan, ya kofia na ya maksi tano tano, huku nikikaribia kulia. Akafuta macho. "Mie nshapiga hesabu ya kugawana vyumba," akasema. "Basi kwa nini usimuulize mkewe?"

Nikamuuliza kama mumewe ana hasira.

"Na mie nazingoja," akasema. "Siku ya harusi mama yangu alinionya nisiweke kisu karibu naye, maana mji mzima ulisema ana hasira. Nshamuunguzia kanzu ya Ijumaa. Nshampotezea funguo za ofisi. Anasema haidhuru. Wakati mwengine mie ndiye hupandwa na hasira kwa hizo haidhuru zake."

Nilimshukuru, lakini maneno yake sikuyaandika. Mwalimu ametufundisha kuwa shahidi mwenye maslahi hapokelewi, na nani mwenye maslahi kuliko mke? Upande wa pili jirani amesema ana hasira, fundi amesema ana hasira, bibi amesema ana hasira. Hakuna hata mmoja aliyeziona, ila wote wamesikia. Hayo ndiyo yaliyonisumbua kidogo tu. Nimempa elimu nne, uzoefu nne, uadilifu nne, subira moja. Hiyo moja ni ya kumkaribisha tu, asikae na sifuri. Jumla kumi na tatu. Ripoti nimeshaikabidhi, na nimeandika kwa fahari: "Imethibitishwa na watu wengi."

Sahani ya Bi Time bado iko kwetu. Bibi anasema haiwezi kurudi tupu, na mimi sina uso wa kuirudisha hata ikijaa.

Mwanao,
Nada

*

Kiponda
2 Aprili 2000

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hukuijibu. Huenda msafiri amechelewa, huenda nimeandika kwa mwandiko mdogo. Hii nimeiandika kwa herufi unazoziona, kama za darasa la kwanza.

Idd kubwa imepita salama. Bibi ni mzima na amekuwa akiimba jikoni, na kuimba kwake ndiko kunakonitisha.

Wiki iliyopita wamekuja watu kwetu, wa kweli sasa, wenye haja ya kweli. Waliposikia kuwa nyumba yetu inaulizia waume, walidhani imeamua kuoza binti. Ni watu wa Shangani, na wanataka kumposea mtoto wao Amjad, mwenye duka la vipuri vya vespa. Simjui. Namjua kwa sauti ya vespa yake. Wanataka ndoa ifungwe mwezi wa nane, kabla ya mtihani, na wamesema kwa upole kwamba mwanamke aliyeolewa hana haja ya kupata tabu ya kidato cha tano.

Baba alipiga simu kwa jirani Ijumaa. Nilimsikia bibi akimwambia ni kijana mzuri, na nilimsikia baba, kwa kuwa husema kwenye simu kama anayempigia mtu aliye ng'ambo ya bahari bila ya simu. Alisema, "Ikiwa hana dosari, kwa nini tukatae?" Ameagiza Amjad aulizwe kwa majirani.

Shangazi, unaona nilivyojichimbia. Nilitaka maksi ishirini za Uraia ili baba aniruhusu kusoma, na kwa kuzitafuta hizo maksi nimejitafutia mume. Sichana anasema ningeokota waziri haya yasingetokea, maana waziri haulizwi na mtu.

Sijui kusema na baba. Nikimwambia nataka kusoma atasema kusoma si jawabu la posa, dosari ndiyo jawabu. Wewe unajua kusema naye. Nakuomba, useme naye. Wala sitakuuliza tena habari za Bwana Msabah, kama hizo ndizo zilizokuchelewesha.

Mwanao,
Nada

*

Maskati
20 Aprili 2000

Nada mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Nimezisoma mara nyingi. Herufi zilitosha.

Usimjibu mtu yeyote lolote kuhusu posa. Mbele ya bibi yako usilie, wala usimkasirikie, yeye anafuata alivyozoea. Soma. Kila siku soma kama kwamba hakuna aliyekuja. Kwa baba yako naangalia wakati. Sasa ana homa na feni yake imeharibika, na hivi viwili havitaki kuzidishiwa la tatu.

Nilicheka kwa habari ya Bi Time. Kisha nikaacha kucheka. Umeandika kuwa wote wamesikia na hakuna aliyeona. Hukuuliza walisikia kwa nani?

Asila

*

Kiponda
14 Mei 2000

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi baba amepona homa. Tumesikia kwenye simu, na mtaa mzima umesikia pia. Bibi hajambo. Watu wa Shangani wametuletea samaki, nguru mzima, na nimemla bila kujua kama kumla ni kukubali. Bibi anasema samaki si jibu. Nilimla kwa amani zaidi baada ya hapo.

Chama kimeshamteua mtu wake, na si Bwana Msabah. Sichana naye waziri wake hakupita, kwa hiyo tumekaa dawati moja kama wafiwa wawili. Katika ripoti nimepata kumi na saba, nami nilizifurahia mpaka siku ya safari.

Skuli ilitupeleka Mangapwani kutazama pango na lile shimo walimofichwa watumwa. Bwana Msabah alizaliwa huko, basi wenzangu walipokuwa wakila nilimuomba Mwalimu ruhusa, nikaenda nyumba za karibu. Sikuvaa nguo ya Idd na sikuchukua sahani. Nimejifunza. Nilimkuta bibi mmoja akisuka ukili wa mkeka nje ya nyumba yake, ambaye aliishi mlango wa pili na mama yake Bwana Msabah. Nikamuuliza habari za hasira.

"Hasira za wapi?" akasema. "Msabah? Huyo alikuwa akifukuzwa na jogoo wetu mpaka ndani, na kesho yake anamletea mtama."

"Lakini mjini kila mtu anasema ana hasira."

"Mjini ndiko mlikomvisha. Alikwenda kuposa nyumba moja ya Waarabu hapo Kiponda, binti alikuwa akifanya kazi ya taipu. Wakampeleka kaka wa binti aje kumuulizia. Alikuja mpaka hapa, kijana mrefu, tukamsifia Msabah mpaka tukachoka. Akanywa dafu letu. Akarudi mjini akasema ana hasira." Akavuta ukili wake. "Mamake alilia. Si kwa kukataliwa. Kwa neno lile."

Shangazi, sikuuliza jina la nyumba. Kiponda haina nyumba nyingi zenye binti aliyekuwa akipiga taipu na kaka mrefu anayependa dafu.

Nadhani sasa najua, na nitaliandika mara moja tu halafu nisiliandike tena. Bwana Msabah alikuposa wewe. Bibi alishakubali. Wewe ulitaka kwenda chuo cha ualimu, na baba akakuhurumia, na kwa kuwa dosari ndiyo jawabu la posa, akatafuta dosari, asiipate, akaitunga. Bibi akaiamini mpaka leo. Akamwambia jirani, jirani akamwambia jirani, mpaka ikanifikia mimi nikaiandika kwenye ripoti kwa wino mweusi. Imethibitishwa na watu wengi. Watu wengi hao wote ni baba.

Sikuandikii kwa kulaumu. Najua kama asingesema vile wewe usingekuwa mwalimu, na mimi ningekuwa sina wa kumwandikia. Lakini najiona mjinga. Nilimkataa shahidi aliyelala nyumba moja na mtu huyo miaka yote, nikawapokea walioisikia habari yetu wenyewe ikirudi nyumbani.

Nina ombi moja. Ikiwa baba atanisaidia kama alivyokusaidia, tafadhali asimpe Amjad hasira. Sitaki kuolewa naye, lakini vespa yake hupiga honi polepole anapopita karibu na wazee.

Mwanao,
Nada

*

Maskati
4 Juni 2000

Nada mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Feni imetengenezwa.

Kwa ulilodhani, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Nitakueleza lililotokea mezani. Tulikuwa tunakula mchana, mimi na baba yako tu. Nikamuuliza, "Khelef, huyo Amjad mmemuulizia?"

Akasema, "Tumemuulizia. Hana dosari."

Nikasema, "Hata hasira hana?"

Tonge likabaki mkononi. Hakunitazama. Baada ya muda akalirudisha sahanini, akaenda kunawa, na chakula kilikuwa pilau, na wewe unamjua baba yako na pilau. Akakaa upenuni mpaka alasiri. Aliporudi ndani aliniuliza kama yule mama wa Mangapwani aliyempa dafu bado yu hai. Nikamwambia Nada amemkuta akisuka ukili.

Jioni alimpigia bibi yako. Safari hii alisema polepole, ikabidi bibi amwambie apaze sauti. Alisema: "Waambie binti anasoma. Waambie hivyo hivyo, usiongeze neno, usimtie kijana wa watu ila yoyote." Bibi akamuuliza tangu lini hilo likawa jawabu. Akasema tangu leo.

Basi Amjad amesalimika, na wewe nenda kidato cha tano kama utafaulu. Usipofaulu mimi mwenyewe nitaulizia vespa.

Asila

*

Kiponda
25 Juni 2000

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na shukurani ambazo sijui kuziandika. Niliandika ukurasa mzima wa shukurani nikauona kama hotuba ya mgeni rasmi, nikauchana. Bibi alinuna siku chache. Aliwapelekea jawabu watu wa Shangani, nao wakasema "Basi asome," kama watu walioambiwa duka limefungwa, na Amjad bado anapiga honi polepole. Maulidi yalisomwa vizuri na bibi alipanda ngazi zote.

Ilibaki sahani ya Bi Time. Nikaamua niirudishe mwenyewe, na nijaze kwa mkono wangu. Nilipika mkate wa kumimina. Uliumuka pembeni ukazama katikati, kama kofia iliyokaliwa. Bibi akautazama akasema niufunike vizuri.

Nilipobisha hodi Amani, aliyefungua mlango hakuwa Bi Time. Alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani, na kanzu nyeupe sana. Nilitaka kumpa mkono na sahani kwa pamoja. Shangazi, mikono ni miwili tu na mimi niliihitaji mitatu. Sahani ikaanguka kizingitini ikavunjika vipande, na mkate ukamgonga yeye kwanza, upande ule usioiva.

Alijitazama kanzu.

"Haidhuru," akasema.

Kisha akachutama kuokota vigae mwenyewe, akiniambia nirudi nyuma nisijikate. Akaniuliza mimi mtoto wa nani.

"Wa Khelef."

"Khelef wa Kiponda?"

"Naam."

Akaendelea kuokota. "Basi wewe ndiye mwalimu wangu. Time kanihadithia. Ulinipa ngapi?"

"Kumi na tatu kwa ishirini," nikasema. "Subira nilikosea."

"Kumi na tatu si haba. Huko chamani kwenyewe sikupata hata za kukuhadithia." Akaupangusa mkate kwenye kanzu, akaonja kidogo kilichobaki kidoleni, akakunja uso kwa siri. "Na shangazi yako, hajambo?"

"Hajambo. Anasomesha Maskati. Hesabu."

"Anasomesha," akasema. Akatulia na vigae mkononi, kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani wa mtoto anayemjua, akakuta amefaulu. "Alhamdulillahi. Mpelekee salamu zangu. Mwambie hasira zishanitoka."

Bi Time akaita kutoka ndani, "Nani huyo?"

"Mwenye sahani," akasema, "ila sahani hana."

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Ridhwan kumuomba nisahihishe ripoti: subira iwe tano. Akasema uteuzi umeshapita, kuna faida gani? Nikasema mtu yule hatasimama tena, lakini ripoti imesimama kabatini kwa Mwalimu. Akaniuliza nina ushahidi gani mpya. Sikuweza kumwambia habari za nyumba yetu, na sikuhitaji. Nikamwambia nimemvunjia sahani na kumpiga kwa mkate mbichi. Mwalimu alifikiri sana. Akasema huo ni ushahidi wa kuona. Akampandisha Bwana Msabah mpaka kumi na saba, na mimi akanishusha mpaka kumi na tano kwa kukataa shahidi bila ya sababu ya kutosha. Sasa mtahiniwa wangu amenishinda maksi.

Bi Time anadai sahani, kwa mzaha. Mimi nimeichukua kama si mzaha.

Mwanao,
Nada

*

Maskati
18 Julai 2000

Nada mwanangu,

Marahaba. Barua hii anakuja nayo baba yako, ambaye amepata likizo na amekusudia kwenda Mangapwani kunywa dafu. Usimuulize kitu njiani. Mwache aende peke yake.

Salamu zimenifika.

Januari uliniuliza kama huyo bwana anafaa, nami sikukujibu. Alifaa. Alifaa tangu wakati ule. Mimi nilikuwa nataka kusoma, na wakati ule hilo halikuwa jawabu.

Ndani ya sanduku la baba yako kuna sahani, nimeizungushia kanga mbili. Ipeleke Amani, uishike kwa mikono yote, salamu zitoke mdomoni tu. Nimetia halwa, isiende tupu. Ni ya Bi Time na mumewe. Usiionje.

Shangazi yako,
Asila